Valvu Inapogeuka Maikrofoni: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Chukua priampu yoyote ya valvu inayopokea santuri (yaani kifaa kinachokuza ishara dhaifu ya sindano kwa valvu, zile chupa za kioo), iwashe, kisha igonge valvu yake ya kwanza kwa ukucha. Karibu kila mara utasikia "ting" kwenye spika. Wengi wakiisikia ting hiyo hutoa hukumu papo hapo: valvu imeharibika, inunuliwe nyingine. Ya pili ikifika nayo inalia ting. Ya tatu vilevile. Nimeona valvu nzuri, ambazo zingefanya kazi kwa miaka, zikitupwa kwa kosa la rafu, la soketi iliyolegea, au la spika iliyosogezwa karibu mno. Inaniuma, kwa sababu baadhi ya valvu hizo hazitengenezwi tena.

Hakuna anayesikiliza muziki huku akigonga valvu. Kwa hiyo unachohitaji kujua ni kama valvu hiyo inalia wakati muziki unapigwa, na mtikisiko unaoiliza unaifikia kwa njia gani. Ukishajua hayo mawili, mara nyingi dawa haikugharimu kitu.

Kinachotokea ndani ya chupa

Katikati ya valvu kuna kathodi inayopashwa moto na hita. Kuizunguka kuna gridi, yaani waya mwembamba sana uliozungushwa kwenye vijiti viwili, na nje ya gridi kuna anodi. Vyote vinashikwa juu na chini na vipande vya maika vilivyotobolewa matundu. Elektroni hutoka kwenye kathodi kwenda kwenye anodi, na gridi iko njiani ikiamua ngapi zipite. Umbali kati ya gridi na kathodi ni sehemu ndogo ya milimita, na wingi wa mkondo unategemea umbali huo. Gridi ikitetema, umbali unabadilika, na mkondo unabadilika nao. Amplifaya haiwezi kujua kwamba badiliko hilo halikutoka kwenye muziki, basi inalikuza kama inavyokuza kitu kingine chochote.

Tatizo hili, ambalo hapa nitaliita umaikrofoni, liko katika kila valvu kwa kiasi fulani. Linazidi pale matundu ya maika yanapopanuka kwa kusuguliwa na vijiti kila chuma kinapopata joto na kupoa, au pale valvu ilipounganishwa vibaya tangu kiwandani. Valvu za redio za betri ndizo zinazosumbuliwa nalo kuliko zote, kwa sababu filamenti yake nyembamba ndiyo kathodi yenyewe na imevutwa kwa springi, sawasawa na uzi wa gitaa. Kwa upande wa pili, valvu inaweza kutengenezwa imara ajabu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilitengeneza valvu ndogo za kukaa ndani ya fyuzi (viwashio vya mlipuko) za makombora ya mizinga, nazo zilistahimili mshtuko wa takriban mara 20,000 ya mvutano wa dunia. Siri kubwa ilikuwa udogo: kipande kifupi cha chuma ni kigumu kukitikisa kuliko kirefu.

Mahali valvu ilipo katika njia ya sauti pana uzito kuliko hali ya valvu yenyewe. Kichwa cha sindano cha aina ya sumaku inayocheza hutoa takriban milivolti 5. Kile cha koili inayocheza mara nyingi hakifiki hata milivolti 1. Kicheza CD hutoa takriban volti 2, yaani mara 400 ya ile sumaku. Mtikisiko uleule wa gridi unaomezwa kabisa na volti 2 za CD unaweza kuwa mkubwa ukilinganishwa na milivolti 5 za santuri. Ongeza juu yake kwamba saketi ya santuri, kwa kufuata RIAA (kanuni ya kusawazisha sauti za santuri), hukuza sauti za hezi 20 takriban mara 9 zaidi ya zile za hezi 1,000, kwa hiyo kila mtikisiko mzito wa sakafu unaoingia mwanzoni unapata nguvu ya ziada. Na valvu inayopatikana zaidi mahali hapo ni ECC83, inayoitwa pia 12AX7, yenye kipimo cha ukuzaji cha 100. ECC81 ina takriban 60, ECC88 ina 33, na ECC82 haifiki hata 20.

Kabla hujagusa chochote

Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 250, 400, wakati mwingine zaidi, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Gonga tu valvu zinazochomoza nje ya chasisi. Kama zako zimefunikwa ndani na hujazoea kazi ya umeme mkubwa, hatua hiyo mwachie fundi. Sehemu kubwa ya majaribio yanayofuata hayahitaji kufungua kifuniko.

Tumia kijiti kikavu cha mbao. Watu hupenda penseli, lakini risasi ya penseli hupitisha umeme, kwa hiyo kama huna kingine gonga kwa upande wenye kifutio. Punguza voliumu kwanza, maana pigo moja kwenye valvu ya santuri linaweza kurusha koni ya spika kwa nguvu. Usichomoe valvu kifaa kikiwa kimewashwa. Na usitenganishe spika na amplifaya ya valvu ili "kuzima kelele" huku ukiendelea kupima: transfoma ya kutolea sauti isipokuwa na mzigo inaweza kuzalisha volti kubwa na kujichoma. Ukitaka ukimya tumia tundu la hedifoni kama kifaa kilijengwa nalo, au rezista ya mzigo.

Subiri dakika 20 hadi 30 tangu kuwasha. Valvu baridi na valvu moto hazilii sawa.

Dalili: yowe linalopanda lenyewe

Unaongeza voliumu, inazuka sauti nyembamba, inajinyoosha, kisha inakua hadi spika zinapiga yowe lisilokoma mpaka upunguze. Huu ni mzunguko: spika inatikisa hewa na sakafu, mtikisiko unaifikia valvu, valvu inaugeuza umeme, amplifaya inaukuza, spika inautoa tena. Ndilo jambo lilelile linalotokea mhutubu anaposimama na maikrofoni mbele ya spika, nalo limepewa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen.

Mzunguko una viungo vingi, na valvu ni kimoja tu kati ya hivyo. Anza kwa kugeuza swichi ya kuchagua chanzo iende kwenye CD au chochote kingine, bila kupiga muziki, voliumu ikiwa pale ilipopigia yowe. Kukiwa kimya, tatizo liko kwenye njia ya santuri. Yowe likiendelea, liko kwenye valvu za mbele zaidi, zile zinazotumiwa na vyanzo vyote.

Kama ni njia ya santuri, rudi huko na uache mkono wa sindano umepumzika mahali pake, sindano haigusi kitu. Yowe likija hata hivyo, valvu za santuri zina kesi ya kujibu. Lisipokuja, zima mota, shusha sindano juu ya santuri iliyosimama, halafu ongeza voliumu taratibu. Yowe likija sasa, mkosaji ni gramafoni: sindano inasikia spika kupitia sahani na meza. Hapa ndipo valvu husingiziwa sana. Sikio pia linasaidia kutofautisha. Yowe la gramafoni huwa zito, la kutikisa kifua, na koni za spika unaziona zikienda mbele na nyuma. La valvu huwa jembamba zaidi, la mamia ya hezi kwenda juu, na lina mng'ao wa glasi au filimbi ndani yake.

Ukisha hakikisha ni valvu, usikimbilie kuichomoa. Jiulize mtikisiko unapita wapi. Kunja blanketi, weka kifaa juu yake kwa dakika chache bila kuziba matundu ya hewa, na jaribu voliumu ileile. Yowe likipungua, njia ilikuwa rafu. Kama halikupungua, geuza spika ziangalie kwingine au zisogeze mbali kadiri nyaya zinavyofika. Likipungua sasa, njia ilikuwa hewa. Mara nyingi ni zote mbili kwa viwango tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Dalili: kengele inayofuata noti

Hii ni ngumu kuitambua kwa sababu haipigi yowe. Piano inapopigwa kwa nguvu, au mwimbaji anapofikia noti ya juu, kuna kitu cha chuma kinachobaki nyuma ya sauti kwa kitambo kidogo. Wengine huipenda na kuiita uhai wa valvu. Mimi naona ni hasara, kwa sababu inaziba ukimya uliopo kati ya noti na noti, na ukimya huo ni sehemu ya muziki.

Jaribio ninalolitegemea kuliko kugonga ni makofi. Weka voliumu pale unaposikilizia, usipige muziki, simama karibu na amplifaya na upige kofi moja kubwa. Rudia mara kadhaa. Kama spika zinajibu kwa mlio mdogo wenye mkia, valvu inasikia hewa ya chumba. Kisha piga rafu kwa ngumi, si valvu, na usikilize tena. Majaribio haya mawili yanaitikisa valvu kwa njia zilezile ambazo muziki unaitikisa, ndiyo maana majibu yake yana maana. Njia nyingine ni kusikiliza kipande kilekile kwa hedifoni, spika zikiwa kimya. Mkia wa chuma ukitoweka, ulikuwa unatoka kwenye mzunguko wa spika na valvu. Ukibaki, huenda umo kwenye rekodi, au kwenye sindano iliyochakaa.

Dalili: ting unapoigonga, basi

Muziki ni safi, makofi hayaleti kitu, lakini kijiti kikiigusa valvu inalia. Iache. Valvu ya kwanza ya santuri italia tu. Cha kupima ni mkia: ting inayokufa papo hapo haina neno, ile inayoimba kwa sekunde nzima inastahili kuhamishwa mahali pengine siku ukipata nafasi.

Angalia mtego mmoja. Pigo husafiri kwenye chasisi, kwa hiyo unaweza kugonga valvu ya tatu na kumbe inayolia ni ya kwanza. Ili kujua, gonga ya tatu huku mtu mwingine, au mkono wako wa pili, ukiwa umeishika ya kwanza taratibu kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa. Mlio ukizimika, aliyekuwa akilia umemshika. Hii ni kwa valvu ndogo zilizo nje ya chasisi tu. Valvu za mwisho, zile kubwa zinazosukuma spika, zina moto wa kuunguza kitambaa.

Dalili: mikwaruzo na kukatika

Ukigonga unasikia "krr, krr" au upande mmoja unapotea na kurudi. Huu si umaikrofoni. Umaikrofoni una noti, unaweza hata kuuimba. Mgusano mbaya hauna noti, ni mikwaruzo mitupu. Chanzo cha kawaida ni kutu kwenye pini au soketi iliyolegea, na ni kosa linalorekebishika kwa jioni moja.

Zima, chomoa plagi, acha kifaa kipoe na kapasita zitoe umeme wake. Chomoa valvu kwa kuivuta wima huku ukiicheza kidogo sana. Ukiinamisha, kioo hupasuka penye pini. Safisha pini kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia mgusano au spiriti ya isopropili. Chomeka valvu kwenye soketi na kuitoa mara kadhaa ili kusugua kutu ya ndani. Kama inaingia bila ukinzani wowote, migusano ya soketi imepanuka, na inaweza kubanwa kwa sindano nene au bisibisi nyembamba sana, pini moja baada ya nyingine. Kwa kazi hiyo ya kubana, hakikisha kwa mita kwamba hakuna volti iliyobaki.

Soketi iliyolegea huleta pia umaikrofoni wa kweli. Valvu inayocheza kwenye soketi yake hutikisika kirahisi zaidi kuliko iliyobanwa, kwa hiyo usafi huu huwa unaponya dalili mbili kwa mkupuo. Ndiyo maana naufanya kabla ya kuihukumu valvu yoyote. Mikwaruzo ikibaki baada ya hapo, kuna uwezekano wa lehemu iliyopasuka chini ya soketi, hasa kama soketi imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao wa saketi unaopinda kila valvu inapochomekwa.

Dalili: mvumo usiokoma

Mvumo wa chini unaodumu, wa hezi 50 au 100 (au 60 na 120 kulingana na umeme wa nchi), mara chache ni umaikrofoni. Tafuta kwanza mzunguko wa waya wa ardhi, kapasita za kuchujia zilizochoka, au valvu inayovujisha umeme kutoka hita kwenda kathodi. Kuna hali moja tu inayodanganya: transfoma inayotetema kwa nguvu inatikisa chasisi, na chasisi inaitikisa valvu. Bonyeza kifuniko cha transfoma kwa kiganja, kwa nje. Mvumo kwenye spika ukibadilika, kaza skrubu zake kifaa kikiwa kimezimwa, au ziwekee washa za mpira.

"Shhh" ya kudumu isiyoathiriwa na mtikisiko ni kelele ya kawaida ya valvu au ya rezista ya anodi. "Tik, tik" inayosikika kutoka kwenye valvu yenyewe wakati wa kuwaka na kupoa ni chuma kinachotanuka na kusinyaa, na haina madhara.

Kuikamata yenyewe

Voliumu ni chombo cha uchunguzi ambacho kila mtu anacho. Kelele inayozaliwa kabla ya voliumu hupanda na kushuka pamoja nayo. Inayozaliwa baada yake haibadiliki hata ukiifunga kabisa. Kama ukigonga unapata ting ileile voliumu ikiwa imefungwa, acha kuhangaika na priampu na uangalie valvu ya kuingilia ya amplifaya yenyewe.

Baada ya hapo badilisha valvu ya kushoto na ya kulia ya hatua ileile. Mlio ukihama upande, umemfuata mwenye kosa. Ukibaki pale pale, kosa ni la soketi au la kitu kilichounganishwa nayo. Jaribio hili linamhadaa mtu pale ambapo valvu moja inahudumia pande zote mbili. ECC83 na ndugu zake zina valvu mbili ndani ya chupa moja, na watengenezaji wengine hutumia nusu kwa kushoto na nusu kwa kulia. Soma mchoro wa kifaa chako kwanza. Kama ndivyo ilivyo, mlio wa upande mmoja tu unakuambia ni nusu ipi inayolia, na utabadilishana na valvu ya hatua nyingine ya aina hiyohiyo.

Valvu kubwa za mwisho kama EL34 au 6L6 husumbua mara chache sana, kwa kuwa ishara inayozifikia tayari ni ya volti nyingi. Ukiitikisa mkononi ikasikika inacheza ndani, hilo peke yake si ugonjwa. Lakini doa la fedha kileleni likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekwisha.

Tiba, kwa mpangilio ninaoufuata

Mahali kwanza. Ondoa amplifaya juu ya spika na kwenye rafu moja na spika. Hata mita moja au mbili huleta tofauti inayosikika. Itoe kwenye kona ya chumba, maana besi hujikusanya huko. Mfano mzuri ni valvu ya EF86. Ilibuniwa mahususi kwa hatua za kwanza za sauti, zenye ishara dhaifu, na kwenye vinasa sauti ilifanya kazi yake kwa ukimya. Ilipowekwa ndani ya kabati moja na spika kwenye amplifaya za gitaa, ilianza kulia.

Kinachofuata ni kukitenga kifaa na rafu. Njia rahisi inayofanya kazi vizuri ni mpira wa ndani wa baiskeli ya mtoto, uliojazwa upepo kidogo tu, ubao juu yake, na kifaa juu ya ubao. Ubao unatakiwa kuelea: ukiusukuma kwa kidole unayumba taratibu. Ukijaza upepo mpaka mpira ukawa mgumu, umerudisha rafu. Kosa hilohilo hufanywa na miguu ya mpira inayouzwa kwa kazi hii. Mguu uliotengenezwa kubeba kilo 10 hauisaidii priampu ya kilo 3, kwa sababu haubonyei, na kisichobonyea kinapitisha mtikisiko. Kumbuka pia kwamba transfoma huwa upande mmoja, kwa hiyo sogeza kifaa hadi ubao ukae sawa, na usizibe matundu ya hewa ya chini.

Kisha soketi, kama nilivyoeleza.

Kisha kubadilishana nafasi. Kama kifaa kina ECC83 tatu au nne, ile inayolia iende mbele, mbali na santuri, na iliyo kimya irudi mwanzoni. Hiki ndicho kipande cha mwongozo huu ambacho ningependa kila mwenye amplifaya ya valvu akijue. Hatua ya kugawa awamu, inayoigawa ishara iwe mbili zilizo kinyume kabla ya valvu za mwisho, hupokea ishara kubwa na haikuzi sana, na valvu ambayo haikufaa kwa santuri itaishi hapo bila mtu kuisikia.

Pete za silikoni zinazovalishwa valvu huja baada ya hayo yote. Zinapunguza mkia wa mlio, na wakati mwingine zinahamisha tu noti yake kwenda chini kidogo, jambo linaloweza kutosha kuvunja mzunguko wa yowe. Isogeze juu na chini huku ukipiga makofi mpaka upate mahali panapozima zaidi. Pete moja inatosha. Ukiivalisha valvu pete nne unaifungia joto. Iwe silikoni kweli, ya kustahimili zaidi ya digrii 200, kwani mpira wa kawaida hukauka na kugandia kioo. Usiziweke kwenye valvu za mwisho wala za kunyoosha umeme. Kama kifaa chako kilikuja na vikombe vya chuma vyenye springi juu ya valvu ndogo, virudishe: springi inaikandamiza valvu kwenye soketi, na kikombe kinaikinga na mvumo.

Ukilazimika kununua

Kipima valvu cha kawaida hakitakusaidia. Kinapima mkondo na uwezo wa kukuza, na valvu inaweza kupata alama zote hapo ikalia kama kengele nyumbani. Nunua kwa muuzaji anayezijaribu kwa kelele na umaikrofoni na anayekubali kurudishiwa, kisha ijaribu mwenyewe kwenye soketi itakakokaa. Ipe saa kadhaa za kazi kabla ya kuamua, kwa kuwa nyingine hutulia.

Kati ya ECC83, zenye anodi fupi kwa kawaida hulia kidogo kuliko zenye anodi ndefu, kwa sababu ileile ya zile za mizinga. 5751 inaingia kwenye soketi ya ECC83 bila kubadilisha waya na ilijengwa imara zaidi, ikiwa na ukuzaji wa 70, yaani desibeli 3 chini. Hita yake inataka miliampea 350 kwa volti 6.3, badala ya 300, kwa hiyo angalia kwamba transfoma ina nafasi. Kwenye saketi ya santuri inayotegemea mrejesho (sehemu ya ishara inayorudishwa nyuma ili kuirekebisha), kupunguza ukuzaji kunaweza pia kuhamisha kidogo usahihi wa RIAA, basi sikiliza besi kwa makini. ECC88 ni jambo jingine. Pini ni tisa zilezile, ila hita imeunganishwa tofauti. Ukiichomeka kwenye soketi ya ECC83 itabaki baridi au hita yake itaungua.

Na kama valvu mpya, iliyothibitishwa kimya kwenye kifaa kingine, inalia kwako vilevile? Basi maikrofoni si valvu. Baadhi ya kapasita za seramiki hugeuza mtikisiko kuwa umeme zenyewe, na zikiwa karibu na gridi ya kwanza husikika kama valvu mbovu. Fundi atazigonga moja moja kwa kijiti cha plastiki, na inayojibu ataibadilisha kwa ya filamu.

ECC83 niliyoitoa kwenye hatua yangu ya santuri miaka kadhaa iliyopita ilikuwa inaimba kwa zaidi ya sekunde moja kila mlango ulipofungwa. Sasa iko kwenye hatua ya kugawa awamu ya amplifaya nyingine chumba hichohicho. Ukiigonga karibu usisikie kitu, na mlango ukifungwa kinachosikika ni mlango tu.